Kutoka Kiringye hadi Makobola na Gamba la Nge

Niliondoka Kiringye kwa sababu ya miguu miwili iliyovimba, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mdogo Esperansi, mdogo wa mama yangu, aliyeolewa Makobola. Vita vilipopita kwao alikimbilia mlimani, na aliporudi ni yeye aliyemkusanya mume wake kwa mikono yake na kumzika. Tangu siku hiyo hakuweza tena kushika wala kula kitu chenye mfupa. Nyama hapana, samaki hapana, hata ndagala mdogo hapana. Alikula bugali na sombe tu, yale majani ya muhogo. Mashamba ya maharagi na karanga yalikuwa mlimani, na mlimani hakupandiki tena kwa sababu ya vita. Muuguzi wa kule alituma neno: mwili wake unajila wenyewe, na asipopata chakula cha kuujenga hatafika kiangazi.

Mama alijaza maharagi katika mfuko, akaufunga kwa kamba, akanitazama. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya mvua moja.

"Weye miguu yako haituliake," alisema. "Leo itembee kwa faida."

Alfajiri nilishika barabara ya bondeni. Nilipita Sange jua likiwa utosini, nikalala kwa wenyeji wa Kiliba ambao hawakuniuliza hata jina kabla ya kunipa maji ya kunawa. Siku ya pili, saa nne, niliingia Uvira. Hapo safari ilikatika. Upande wa kusini ilisikika milio ya bunduki, na watu waliokuwa wakielekea Makobola walirudishwa. Nilitafuta pa kujihifadhi, nikapata shule iliyofungwa. Milango yake askari walikuwa wameichoma kupikia. Ndani, kwenye darasa moja, mzee mwembamba alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, akipuliza vumbi.

"Karibu darasani," alisema bila kugeuka. "Umechelewa kidogo, lakini mlango hatuna wa kukufungia."

Huyo ndiye Mwalimu Sadiki. Wanafunzi wake walikuwa wametawanyika, naye alibaki kulinda kabati ya wadudu aliyoijaza kwa miaka mingi. Niliita hivyo, kabati ya wadudu, akanirekebisha papo hapo.

"Hesabu miguu kwanza, ndiyo uite jina."

Nilikaa siku tatu nikihesabu miguu. Nyenje, mende, kumbikumbi: sita, hao ndio wadudu. Buibui, kupe, nge: minane, hao wana ukoo wao. Kaa wa ziwani, pamoja na makucha yake: kumi. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, jongoo ana mbili. Wote, alisema, ni watoto wa nyumba moja kubwa, na jina la nyumba hiyo ni arthropoda, wanyama wa miguu yenye viungo.

"Na konokono?" niliuliza.

"Konokono ana kiungo wapi? Huyo jirani tu."

"Basi hao wote, mifupa yao ni midogo namna gani?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Alitoa kitu cheupe-njano, chepesi kama ganda la kitunguu. Kilikuwa nge mzima, mkia na makucha, lakini ndani hamna mtu. Alikipata chini ya jiwe. Nge alikuwa amekua, vazi likambana, akalifungua mbele karibu na mdomo, akatoka na kwenda zake.

"Hana mfupa hata mmoja," alisema. "Kinachomsimamisha amekivaa nje. Sisi tumejengwa kama mwavuli, yeye kama mtungi."

Nilikishika kile kitu muda mrefu. Nilikuwa nimekanyaga wanyama hawa maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniambia. Siku ya nne barabara ilipofunguliwa, Mwalimu alilitia gamba ndani ya kibiriti kitupu na kunipa. "Ulirudishe," alisema. "Na ukiulizwa, usibahatishe. Hesabu."

Saa tatu asubuhi, baada ya Kalundu, nilifika bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Askari mmoja kijana aliupima mfuko wangu kwa mkono, akauweka nyuma yake.

"Ndugu, hiyo ni ya mugonjwa," nilimwambia.

"Na minye niko muzima?" alisema akijigonga kifua. "Sijakula tangu jana." Kisha akaona kibiriti mfukoni mwa shati langu. "Leta sigara."

"Si sigara."

Alikifungua mwenyewe. Aliruka nyuma, bunduki ikagonga jiwe, na wenzake wakaangua kicheko.

"Anakimbia nge mukavu! Kumbe komanda wetu ni huyu!"

"Weye ni muntu gani?" alinifokea. "Unatembea na nge mu shati? Ondoa! Pita!"

Nilipita na kibiriti. Maharagi yalibaki. Nilitembea nusu ya njia mikono mitupu, nikitafuta maneno ya kumwambia mama mdogo.

Jioni nilifika Makobola. Mama Riziki, jirani yake, alinipokea njiani na kunipeleka. Mama mdogo alikuwa amekaa mkekani, miguu imevimba kama mihogo, uso umekuwa mdogo. Nilimwambia ukweli kuhusu maharagi.

"Umefika weye," alisema. "Maharagi hayangenisimulia habari za dada yangu."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mama Riziki alinionyesha kichuguu kirefu nyuma ya nyumba.

"Kumbikumbi wameiva humo," alinong'ona. "Lakini kichuguu iko na mwenyewe. Hiki ni cha marehemu. Hakiguswi mpaka mke wake aseme, na yeye hasemi. Anasema hata hao wako na mfupa."

Niliingia ndani na kumweleza mama mdogo. Alitikisa kichwa.

"Kila chenye kutembea kiko na mfupa, mwanangu. Bila mfupa kitasimama namna gani?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, lililosafiri mbele yangu kutoka Uvira. Nilifungua kibiriti. Hakuruka. Nilimwambia huyu ana miguu minane na kumbikumbi ana sita, lakini nyumba yao ni moja: hawana mfupa, kinachowasimamisha wamekivaa nje. Alilinyanyua gamba kwenye mwanga wa mlango, akatazama ndani ya mkia, ndani ya makucha, kwa jicho moja. Kisha akalizungusha, akakuta pale mbele palipofunguka.

"Alitokea hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Akiwa muzima?"

"Muzima. Mkubwa kuliko alivyoingia."

Alilirudisha gamba kibiritini. Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni.

"Pigeni," alisema mwisho. "Lakini wa kwanza nitamupasua minye."

Tulisimamisha vijiti juu ya kichuguu, tukavifunika kwa majani ya migomba, tukachimba shimo pembeni. Kisha mimi na Mama Riziki tukapiga vijiti haraka haraka juu ya gogo, ili walio chini wadhani ni mvua. Watoto wa jirani walituimbia. Alasiri walianza kutoka, mmoja, kumi, halafu kama maji, wakianguka shimoni na mabawa yao.

Nilimpelekea mama mdogo mmoja kiganjani. Alimng'oa mabawa, akampasua kwa kucha, akamgusagusa kwa ncha ya kidole. Laini, nyeupe, basi. Akamtia mdomoni, akatafuna polepole akinitazama, kama mtu anayesikiliza.

"Kuna chumvi?" aliuliza.

Mama Riziki alikwenda kuitafuta huku akilia na kusingizia moshi, wakati moto hatujawasha.

Nilikaa wiki mbili. Tulikaanga, tukaanika juani, tukatwanga na kuchanganya na sombe. Uvimbe ulishuka, na siku niliyoondoka alinisindikiza mpaka barabarani kwa miguu yake. Alinirudishia kibiriti. "Mwenzako wa safari," alisema, "umushukuru mwenye kukupa."

Kwenye bariyeri alikuwa askari yule yule. Aliona shati langu. "Pita, pita!"

Uvira nilimrudishia Mwalimu gamba lake na kumsimulia. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akanipa tena kile kibiriti na kusema mwanafunzi huondoka shuleni na kitu.

Kiringye mama alisikiliza yote mpaka mwisho. Hakuuliza juu ya maharagi.

"Na huyo mwalimu," alisema, "nani anamupikia?"

Sikujua. Siku tatu nilikula kwake mihogo ya kuchoma, na sikuwahi kuuliza. Mama aliinuka na kuchukua mfuko mwingine.

Alfajiri nilikuwa tena barabarani. Maharagi yalijaa mpaka shingoni, na juu yake kabisa, mahali ambapo mkono wa askari ungegusa kwanza, niliweka kibiriti.