Jaketi Lisilo na Mtu

Mtaani yamesemwa mengi juu ya shemeji yangu, na mengine yamesemwa mbele ya wanangu. Nimelelewa kuamini kwamba mambo ya nyumba hayavuki kizingiti, na hili nalo ningelimeza. Lakini aibu ikishatoka nje, heri isimuliwe na wenyewe kuliko kuachiwa majirani waitie chumvi.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Walirithi kwa baba yao duka la kutengeneza nguo za ngozi: chumba kimoja chenye cherehani mbili nzito, meza ya kukatia na dirisha pana linalotazama barabara. Mume wangu alizungumza na wateja, shemeji akafanya kazi. Watu walimpachika jina la Mng'aro. Ukimpelekea jaketi kuukuu lililopasukapasuka kama kisigino, ulilikuta limenyooka, limekolea rangi, lina bitana mpya, na ungeweza kujitazama mgongoni mwake ukachana nywele. Wapenzi wa majaketi ya zamani, wale wenye pikipiki wanaokutana nyuma ya gereji kila mwisho wa mwezi, walimmwagia sifa.

"Fundi, umefufua maiti!"

"Basi rudisheni rambirambi," aliwajibu, na duka zima likacheka.

Kisha ladha yao ikageuka. Nani alianza, sijui. Ghafla hawakutaka tena kitu king'aacho. Walitaka nyufa, mabega yaliyopauka kwa jua, viwiko vilivyokwanguka, hata doa la grisi lilionekana pambo. Jaketi lililotengenezwa upya waliliita bibi harusi, wakalizomea. Shemeji alidhani ni upepo utapita. Hakuamini mpaka mteja wetu mmoja wa siku nyingi alipoleta jaketi la marehemu baba yake ashonewe kwapani tu. Shemeji, kwa wema wake, alilipaka rangi lote na kuondoa kola iliyochakaa.

Yule bwana alilipokea, akaligeuza, akalinusa.

"Fundi, kola iko wapi?"

"Nimekuwekea mpya, kaka. Ile ilikuwa imeliwa na jasho."

"Jasho lake ndilo nililokuwa nimebaki nalo."

Hakugomba. Aliondoka tu, na baada yake wengine wakaacha kuja. Cherehani moja ikafunikwa shuka.

Miezi ikapita, mara dirishani yakaanza kuning'inia majaketi makuukuu hasa, kama walivyoyataka. Nikamuuliza, "Shemeji, haya umeyapata wapi?"

"Kwa watu, shemeji. Wazee wanakufa, watoto wanauza."

Nilimwamini. Huyu ni mtu ambaye hata umri wake hajawahi kuupunguza. Mawili yaliondoka upesi. La tatu aliamua kulipeleka mkutanoni, akaniomba niandamane naye, kwa kuwa wale watu bado wanamheshimu mume wangu. Nilivaa gauni langu la kijivu, nikatembea nimeinua shingo.

Wana desturi yao wale. Jaketi jipya kwao hupitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja hutaja jambo moja kuhusu aliyelivaa zamani. Wanaita kulisoma. Walianza na la mtu mwingine.

"Alikuwa wa shoto huyu," alisema mwenyekiti wao, mwalimu wa udereva mwenye kipara. "Mkono huu ndio uliolika."

"Alibeba begi bega la kulia," akasema mama mmoja mwenye duka la dawa.

"Na chakula hakukionea haya! Kifungo cha chini hakijawahi kufungwa, tazameni!"

"Kama wewe!" wakamjibu, wakaangua kicheko. Nami nilicheka.

Likaja la shemeji. Likazunguka mara ya kwanza bila mtu kusema neno. Likaanza kuzunguka tena. Mama wa duka la dawa akalilaza mezani, akaweka mkono wa jaketi wa kushoto juu ya wa kulia.

"Viwiko hivi ni mapacha," alisema.

"Na mifuko," akasema mwingine. "Fundi, huyu bwana alikuwa na mikono miwili ya kulia?"

Wachache wakacheka. Mwenyekiti akalisukuma mbele taratibu. "Mimi simwoni mtu humu."

Hapo nikaelewa. Baba mkwe aliwafundisha wanawe kwamba nguo haitoki mezani kabla mikono yake miwili haijawekwa pamoja ikalingana. Shemeji alikuwa amechukua jaketi zima, akalichakaza, na alipokwangua kushoto hakuweza kujizuia asikwangue kulia vivyo hivyo. Hata udanganyifu aliufanya kwa unadhifu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema. Alimfungulia mlango wa kutokea. "Labda na wewe uliuziwa, fundi. Hutokea."

Shemeji akatazama mikono yake. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, wewe tunakujua. Neno lako linatosha. Aliuziwa?"

Nyuso zote zikawa kwangu. Jina la mume wangu lilikuwa pale mezani pamoja na lile jaketi, na neno moja tu lingelinyanyua. Lakini lingekuwa limenyanyuliwa kwa uongo, na uongo huo ungetoka kinywani mwangu.

"Muulizeni yeye," nikasema. "Mimi sitamsemea."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Sikuuziwa. Nimelichakaza mwenyewe, kwa msasa na maji ya chumvi. Na yale mawili pia."

Hakuna aliyemtukana. Walitupisha tu njia tulipoondoka, kama watu wanavyopisha wagonjwa. Tulipofika dukani alisema, "Bora ungenipiga, shemeji." Nikamjibu kwamba kesho aende kwa wale wanunuzi wawili, nami nitakuwa naye.

Wa kwanza alichukua fedha zake akafunga mlango bila kuitikia kwaheri. Wa pili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Silirudishi! Jaketi la uongo lililokwanguliwa na fundi asiyeweza kupinda hata akidanganya! Wenzangu watanionea wivu mpaka wakonde."

"Nakuomba, kaka," shemeji alisema. "Nirudishie."

"Thubutu."

Akalivaa mkutanoni. Na kwa kuwa ladha za watu wale hazina mwenyewe, sasa wanalitaka lile. Juzi mwenyekiti alikuja dukani, mchangamfu kabisa, akaegemea meza.

"Fundi, yaliyopita si ndwele. Nitengenezee na mimi la mapacha. Nitawaambia wote ni kazi yako, hakuna siri. Weka hata alama yako ndani."

Alidhani anamheshimu. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikamwona shemeji uso ukimshuka, akainama chini ya cherehani akipapasa sakafu. Alisema sindano imemwangukia. Sindano ilikuwa kati ya vidole vyake, mwenyekiti aliiona, nami niliiona. Akaendelea kuitafuta mpaka yule bwana akaaga.