Toleo Jipya na Vidole vya Candide

Saa moja asubuhi, mtaani Gasenyi. Sumaya anafungua duka lake la kuchapa na fotokopi, anafuta vumbi kwenye kompyuta nne, anaziwasha. Ujumbe uleule unajitokeza: toleo jipya la mfumo wa Linux lipo, na la zamani linakaribia kuachwa bila marekebisho ya usalama. Anabonyeza "Baadaye", kama jana.

"Nimechoka na huyu mutu," anasema, akiinyooshea skrini kidole. "Kila siku ananiuliza, na mi sina jibu."

Linux hapa si jambo la kujivunia. Kompyuta ni kuukuu, zilitoka kwenye ghala moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda, na mfumo mzito zaidi ungezilemea. Sumaya, mwenye miaka 38, alijifunza mwenyewe kuzitunza. Siku njema zinamwingizia kama faranga elfu thelathini, kabla ya umeme na karatasi.

Kinachomfunga mikono ni Candide, mchapaji wake wa miaka mingi, ambaye macho yanamsumbua. Sumaya aliposasisha mara ya mwisho, menyu zilipangwa upya. Candide alihangaika asubuhi nzima, kisha akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Alirudi baada ya kubembelezwa.

Hata hivyo, toleo jipya linakuza maandishi vizuri zaidi. Sumaya anaamini huo ndio msaada wenyewe.

Saa nne inaingia familia yenye karatasi ya mwaliko wa kuganduka, sherehe ya kumaliza matanga. Candide haigusi.

"Munisomee," anawaambia. "Huu mwandiko ni wa daktari."

Wanacheka. Wanasoma kwa sauti, wanabishana jina la nani litangulie, la shangazi au la mtoto wa kwanza, na vidole vya Candide vinaufuata ubishi wote bila kujikwaa.

Lakini mwandiko ule ni mzuri kabisa. Sumaya ameuona.

Wateja wakiisha kuondoka, anavuta kiti.

"Maman Candide, mi nataka kuweka ile mupya. Herufi zitakuwa kubwa sana."

"Kubwa ya nini, mwanangu? Toka Pasaka siko naona kitu. Mwangaza tu." Candide anagusa kibodi. "Najua nibonyeze wapi, mara ngapi. Ukigeuza, mi nimeisha."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Ungenipa kazi gani? Ya kufagia?"

Sumaya anainama. Anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ipo sauti ya kusomea skrini, aliwahi kuijaribu, lakini inavyotamka majina ya Kirundi, hata mwenye jina hawezi kujitambua.

Jioni anaamua, kwa uchovu wa mtu asiye na njia nzuri. Kompyuta tatu atazisasisha Jumapili. Ya nne anaichomoa waya wa intaneti, ibaki vilevile ilivyo. Kazi za Candide atazihamisha mwenyewe kwa flashi hadi kwenye printa, na kuzisahihisha kabla mteja hajaziona.

Wiki ijayo atarudi ghalani kutafuta kompyuta nyingine ya aina hiyohiyo, aifanye spea.

"Iko muzee, itakufa tu," anasema, akiifunika ile ya nne kitambaa. "Mi naomba isikufe kabla ya Maman Candide kuchoka kazi."

Candide, mkoba begani, amesikia. "Mi bado," anajibu kutoka mlangoni.