Meneja wa maji kanawishwa Kanyenye

Leo nimemwona meneja wa kampuni ya maji akitafuta maji.

Ni hapa hapa Kanyenye, kwenye mkutano wa kujadili kama wananchi tuichukue kampuni yake hiyo ya binafsi tuiendeshe wenyewe.

Kaongea saa nzima, na suti yake. Eti hatuwezi. Eti maji yanataka wataalamu.

Wataalamu! Bomba langu linatoa hewa tangu juzi.

Ukafika wakati wa pilau. Mtaalamu akaenda bombani kunawa. Kafungua, kimya. Kafungua tena, labda bomba halijamtambua bosi wake.

Akarudi kakunja mikono ya koti, anaangaza macho.

Bi Mwajuma akamjia na birika na beseni. Huyu ndiye anayeshika ufunguo wa kisima cha mtaa wetu, kile ambacho sisi wanawake tunakisafisha na kukilinda kwa zamu, miaka nenda rudi.

Akainama kwa adabu zote: "Baba, haya ni maji yetu sisi tusioweza. Nimimine, au tuwasubiri wataalamu?"

Ukumbi mzima ukamgeukia.

Nyie mngemmiminia?

Bi Mwajuma kammiminia. Na jamaa, bila haya, akaomba na sabuni.