Chungu Kilichofungwa Upya

Habari kwamba mama mkwe wangu anakuja kutoka Sengerema ililetwa na kijana wa kijijini kwao aliyekuja mjini kuuza samaki wakavu. Hakukaa hata kitako. Alisema, "Mama anakuja kumwona mjukuu," akaenda zake. Mume wangu alifurahi. Mimi nilibaki na lile neno siku nzima, maana mtu anayekuja kuwatembelea watu hasemi anakuja kumwona mmoja wao tu. Lakini nikajiambia pia kwamba mjumbe huenda alifupisha maneno kwa haraka zake, na mimi nikayarefusha.

Kwao Wasukuma, na hata kwetu Bukoba, si ajabu mtoto wa kwanza kuchukuliwa na bibi yake akakulia huko. Si wizi wala si adhabu. Mume wangu mwenyewe alilelewa na bibi, na ni mtu mzuri, kwa hiyo sina haki ya kuisema vibaya desturi hiyo. Ila binti yetu alikuwa ndiye peke yake, nilikuwa sijajaliwa mwingine, na sikutaka aende. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Yote nitakayosema ya nyama na mchuzi yapimwe kwa hilo.

Tulikuwa tunakaa Mkolani, wakati ule bado ni mashamba na nyumba za kuhesabika. Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, naondoka kabla ya jua na kurudi alasiri na nyuzi kichwani kama mtu aliyezeeka mchana mmoja. Mume wangu alikuwa seremala katika ushirika wa maseremala. Binti alikuwa akishinda kwa jirani yetu wa chumba cha tatu, mjane wa Kikerewe aliyekuwa akisuka mikeka na kumsema kila apitaye njiani.

Mama mkwe alifika jioni, na vumbi la barabara ya Kigongo mpaka kwenye kope. Nilipiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba," akasema, akanipita, akamshika mtoto mkono. Aliushika hapa juu, penye nyama, kama mnunuzi anavyoshika mbuzi mnadani. Naweza kuwa nimekosea, bibi naye atamshikaje mjukuu wake? Lakini nilikuwa nimekwisha ona.

"Mwembamba," akasema.

"Anakua, mayu," mume wangu akamjibu. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake, Kisukuma.

"Kukua kwa mti wa mlonge. Mchana anakula kwa nani?"

"Hapa hapa nyumbani," nikasema.

"Nani anapika, na wewe uko kwenye pamba?"

Nikamwambia jiko. Akacheka, akamgeukia mwanawe. "Umeoa au umeoza, baba? Mkeo anasema jiko linapika lenyewe."

Ilikuwa kweli lakini, na hapa nieleze. Mume wangu alikuwa anakuja na maranda ya mbao kwenye gunia, bure. Alinitengenezea jiko la debe lenye tundu chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unapitisha mti kwenye tundu mpaka uiguse chupa, halafu unashindilia maranda kwa mchi mpaka yawe magumu kama sakafu. Kisha unachomoa mti, unazungusha chupa taratibu na kuitoa, inabaki njia ya moto. Ukiwasha chini, maranda yanajila yenyewe polepole, bila ndimi za moto, kuanzia alfajiri mpaka alasiri. Kosa lake ni moja: yakiwa mabichi au hukushindilia vizuri, njia inaporomoka na moto unakufa kimya kimya, unarudi kazini unakuta maji ya nyama mbichi.

Kwa jiko lile niliweza kubandika maharage nikaenda kazini. Na nilipopata nyama, niliweza kuifanya ile ya mchuzi mzito niliyojifunza nikiwa msichana jikoni kwa masista, baada ya kuishia darasa la nne. Nyama ya kifua yenye mifupa na mafuta yake, vitunguu vingi, nyanya zilizoiva mpaka zinapasuka, na kijiko cha unga wa ngano uliokaangwa mkavu hadi ukawa na rangi ya karanga. Haina maajabu. Inataka tu moto mdogo na muda, na mimi muda sikuwa nao, jiko ndilo lililokuwa nao.

Basi nikaamua kumpikia hiyo. Nilitaka aone kwamba mtoto ana mahali pa kula. Sijui kama nilitaka pia kumwonyesha. Huenda nilitaka.

Siku ya pili yake mume wangu alidamka kwenda buchani na akapata kifua kizuri. Unga wa ngano ulikuwa kitu cha kubahatisha miaka ile, duka la ushirika likileta leo linakaa wiki bila, lakini nilikuwa na kidogo nilichoweka kwenye kopo. Nikapika kama ninavyopika. Nikafunika chungu kwa jani la mgomba, juu ya jani nikaweka kifuniko, nikakizungushia ukamba wa mgomba na kukaza fundo, mkia wake nikauchomeka kwa chini. Mama yangu alinifundisha kuficha mkia, usidakwe na moto. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akiniangalia.

"Unakifunga kama mgonjwa," akasema.

"Harufu isitoke, mama."

"Isitoke iende wapi? Au majirani wakisikia watauliza nyama imetoka wapi?"

Mjane wa Kikerewe akadakia kutoka kwake, "Sisi hatuulizi, bibi, sisi tunanusa tu!" Tukacheka wote, hata yeye. Lakini kichekesho kile kilinichoma kidogo, maana miaka ile kunusa kulikuwa kunaanza hivyo hivyo, kisha mtu anaulizwa na balozi wa nyumba kumi.

Nilipoingia chumbani kuchukua khanga yangu ya kazini, niliona mzigo wa mama mkwe umefunguliwa nusu. Palikuwa na vifurushi vidogo vya mizizi, dawa za miguu yake, hilo nalijua kwa sababu usiku alichemsha akanywa mbele yetu. Na palikuwa na kibuyu kimoja kilichozibwa kwa gunzi, na gunzi limezungushiwa kitambaa. Kibuyu hicho hakukitoa mbele yetu. Sikukigusa. Nikaenda kazini.

Kazini sikuwa na akili. Kibuyu kilikuwa kinanijia kila marobota ya pamba yanapopita. Nikajiambia, wewe mwanamke, mtu mzima amebeba kibuyu chake, wewe inakuhusu nini? Halafu sauti nyingine inasema, mbona hakukitoa? Yule mama hakunitaka tangu posa. Alisema mbele za watu kwamba Mhaya hula ndizi asubuhi, mchana na jioni, nyama atajifunza lini. Lakini pia nilipojifungua alituma mbuzi. Nayaandika yote mawili.

Nilirudi alasiri. Uani hapakuwa na mtu. Mjane alikuwa amelala kwa joto, binti amelala pembeni yake juu ya mkeka ambao haujamalizika. Mama mkwe hakuonekana. Jiko lilikuwa linafuka vizuri. Nikainama kusikiliza chungu, na hapo nikaona mkia wa ukamba unatazama juu.

Nilikaa chini. Fundo lenyewe lilikuwa limefungwa mara mbili, na mimi hufunga mara moja. Nikajaribu kuwa mkweli: labda asubuhi nilikuwa na haraka nikafunga vingine. Labda. Lakini mikono hufunga kama ilivyozoea, akili ikiwa wapi sijui. Mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba na kata ya maji, akanikuta nimechuchumaa.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mama. Mmeshindaje?"

"Tumeshinda. Jiko lako halijazimika." Akaingia ndani.

Mume wangu aliporudi nilimvuta pembeni. Nikamwambia chungu kimefunguliwa.

"Upepo," akasema.

"Upepo unafunga mafundo?"

"Basi jirani."

"Jirani angefungua, angekula, asingefunga. Unamjua."

Akanitazama. "Unataka kusema nini juu ya mama yangu?"

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme," akaenda kunawa. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, na aliyetajwa ni mama yangu, ningesema hivyo hivyo.

Jambo ni hili. Kwetu na kwao, katika hili hatupishani: mpishi anaonja kwanza mbele ya mgeni. Ni adabu tu, wala hakuna anayeliwaza. Unachota kidogo, unaonja, unamkaribisha. Nilisonga ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, nikatandika mkeka, tukanawa. Nikafungua chungu mbele yao. Harufu ilijaza chumba mpaka binti akapiga makofi. Nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe, mchuzi mzito, mwekundu kahawia, na juu yake kulikuwa na mng'ao wa dhahabu ambao sikuutambua. Mafuta ya kifua yana mng'ao wake, lakini si ule.

Nikachota mchuzi kwa kijiko. Mkono ukasimama.

Hapo ndipo nilipogundua mtego niliokuwamo. Nikionja, naonja kitu nisichokijua. Nisipoonja, mpishi ameogopa chakula chake mwenyewe, na mama mkwe ataondoka na mjukuu wake asubuhi, na hakuna Msukuma wala Mhaya atakayemlaumu. Binti alikuwa tayari ameshika tonge. Nikamshika mkono kabla hajachovya.

"Mbona?" mume wangu akasema, sauti ya chini.

Mama mkwe alikuwa ananitazama bila kupepesa. "Mkamwana," akasema, "unaogopa chungu chako?"

Ningeweza kudanganya kwamba ni cha moto. Sijui kwa nini sikudanganya, mara nyingi mimi ni mwoga. Nikasema, "Mama, fundo hili si langu."

Mume wangu akashusha pumzi kama mtu aliyeangusha ubao. Nje mjane alikuwa anamfukuza kuku, na hata yule kuku nilimsikia.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akanipokonya kijiko, akanywa ule mchuzi wote. Mgeni, mama wa mwenye nyumba, akaonja kabla ya mpishi. Kisha akachota kingine akanipa. "Kunywa, tuone nani atatangulia."

Nikanywa. Ilikuwa samli. Samli ya ng'ombe wa kwao, yenye kaharufu ka moshi wa kibuyu, imeingia kwenye nyama mpaka mwisho. Nikiwa mkweli, mchuzi ulikuwa bora kuliko niliowahi kupika, na nikiwa mkweli zaidi, hilo liliniuma.

"Ni mimi," akasema. "Nimefungua."

"Mayu, kwa nini usiseme?" mume wangu akauliza.

"Niseme kwa nani? Nilikaa pale kizingitini tangu mkeo alipotoka, nimwone huyo anayekuja kumpikia mjukuu wangu. Nikasema, jua likipanda atatokea yule wa mikeka, au msichana wa kukodi, achochee. Hakuja mtu. Nikasema basi moto umekufa, watoto wa hapa wanakula nyama mbichi. Nikafungua nijue." Akamega ugali. "Ilikuwa inachemka kama nyama yenye mtu wa kuiangalia."

"Na samli?" nikauliza.

"Samli ilikuwa ya mtoto. Sasa ameipata." Halafu akanitazama. "Wewe ulidhani nini?"

Nikamega tonge. Alijua nilichodhani, na nadhani hakukasirika sana, kwa sababu yeye naye alikuwa amekaa kizingitini mwangu asubuhi nzima akinidhania. Hapo tulikuwa sawa. Tukala. Binti alikula mpaka akalala na mfupa mkononi, na bibi yake akamfungua vidole kimoja kimoja, akautoa bila kumwamsha.

Juu ya mtoto hakuna aliyesema neno usiku ule. Nilingoja aseme. Nilijipangia maneno: kwamba shule iko karibu, kwamba nimeomba zamu ya mchana. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Sijui kama alikuwa amekwisha amua wakati anakula, au aliamua akiwa amelala.

Asubuhi, kabla ya kwenda kungoja gari la Kigongo, alikaa kitandani akafungua mzigo wake. Akatoa gauni la kijani la binti, halafu la maua. Nilikuwa sijui kwamba yamo. Aliyaweka juu ya goti, akayakunjua, akayakunja tena.

"Haya yanataka kufuliwa," akasema.

Yalikuwa safi. Nilikuwa nimeyafua mwenyewe kabla hajafika, kwa sabuni niliyoisotea. Nikayapokea kwa mikono miwili nikasema, "Asante, mama, nitayafua." Akafunga mzigo. Fundo lake, mara mbili.

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Alimwinua binti, akamwambia, "Kula, usije ukaniaibisha," akapanda.

Niliporudi nilipanga nguo za mtoto, na sweta lake la buluu halikuwamo. Nilitafuta chini ya kitanda, nikatafuta kwa mjane, nikatafuta hata kwenye gunia la maranda. Mume wangu alisema mama amelisahau kwenye mzigo, mzee huyo. Inawezekana. Sweta lenyewe lilikuwa limeanza kumbana mikono. Lakini mtu aliyekumbuka magauni mawili anasahauje sweta? Miaka ile ulikuwa ukitaka kushika nafasi kwenye foleni bila kusimama, unaweka jiwe lako pale, unakwenda kufanya shughuli zako, na nafasi inabaki yako.

Binti yangu alikulia Mkolani. Bibi yake alikuja tena, na tena, na sisi tulikwenda kwake. Hakuwahi kutaja habari ya kumchukua. Nami sikuwahi kumuuliza habari za sweta.