Ndege Niliyempa Jina la Mama Mkwe

Jamani, hili nalisimulia kwa kuwa mmenibana tu, maana kwa hiari yangu ningekwenda nalo kaburini, na hata leo nikipita Kinjumbi nikasikia mtu anacheka uani kwake, najua ananicheka mimi.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza kitu, nami mtoto wa wakulima wa Likawage nikateremka pwani na baiskeli yangu na furushi la mitumba, nikawa nazunguka vijijini. Biashara haikuwa haba, lakini kilichonifanya ning'ang'anie Kinjumbi ni Zuhura. Mshenga wangu alishapeleka posa, baba wa binti alikuwa marehemu, mjomba hana neno, kwa hiyo jibu lilikuwa kwa mama, Bi Mwanahawa, naye wiki ya tatu hiyo kimya (na mimi usingizi sina).

Basi asubuhi moja nipo kwa mama ntilie nakunywa uji, akaja mwalimu wa chuo kutoka Dar, baiskeli ya kuazima, darubini shingoni, anatafuta mtu wa kumpitisha njia ya mikokoni hadi mashamba ya chumvi, na mtu huyo awe anawajua ndege kwa majina ya huku, kwa sababu anayakusanya aandike kitabu. Njia naijua, tambarare tupu, hata bibi kizee anaendesha. Ndege ninaowajua ni kuku, kanga, na wale wanaotumalizia mtama. Nikasema, "Mimi hapa, mwalimu." Nilitaka Bi Mwanahawa anione nimefuatana na msomi, basi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, yangeyange nilimjua, korongo nikabahatisha nikapata. Kisha tukamkuta ndege mweupe kwenye maji machache, miguu mirefu, mdomo bapa kama mwiko, anaupitisha majini kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekataa jambo. Mwalimu akanong'ona, "Huyu mnamwitaje?" Nami kichwani nilikuwa nawaza kukataliwa, nikajikuta nimesema, "Mwanahawa."

"Mwanahawa! Ana tabia gani?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Wapi! "Jike lake kali sana," nikasema, "likifiwa na dume halicheki tena, na kinda lake haliachii ng'o." Akaandika neno kwa neno, nami nikavimba kichwa (uongo ukishaandikwa hufanana sana na elimu).

Tukarudi juani, na nyumba ya Bi Mwanahawa iko njiani. Sasa mkwe hapitwi na mtu aliye juu ya baiskeli, unashuka, unaikokota, unainamisha macho. Nikashuka, na adabu hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu mwalimu naye alishuka, akaona mtungi barazani, akaomba maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba, karibuni. Haya, mmeona nini huko?"

Uani wanawake kama saba wanasuka ukili, Zuhura katikati yao. Mwalimu akafungua daftari. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu wa kufa, wapi, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mwanahawa. Jike lake kali sana, likifiwa na dume..."

Akasoma mpaka mwisho! Mwanamke mmoja aliangua kicheko akaanguka na ukili wake, Zuhura akajifunika uso kwa kanga, sikujua analia au anacheka. Bi Mwanahawa alimwambia mwalimu kwa upole, "Futa, baba. Huyo ni domomwiko, si umemwona mdomo?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, jina langu umempa ndege wa topeni?"

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mama. Sikumjua, nikaona haya kusema sijui. Na nilikuwa nawaza posa yangu."

Akasema, "Leo ndiyo umesema kweli. Unajua kwa nini sijajibu? Kila nikikuuliza jambo, jibu unalo. Mtu wa namna hiyo nitamjuaje? Nenda kwa mjomba wa Zuhura kule kwenye chumvi akufundishe ndege wa kwetu, halafu urudi na mshenga."

Mwezi mzima nililowa matope kila alfajiri. Siku ya kurudi tumekaa barazani, mshenga, mjomba na mimi, kakapita kandege kadogo ka rangi ya majivu, Bi Mwanahawa akakaonyesha kidole. "Yule nani?"

Nikakatazama. Nikatafuta kichwani, hamna.

"Sijui, mama."

Akawageukia wanawake wenzake waliokuwa uani na ukili wao. "Haya, pigeni vigelegele."

Tangu hapo, ndugu zangu, nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, tena upesi, wala sioni haya: neno hilo limenipa mke.