Bango la Kaka Mkubwa

Nyumba ya Dobi ilikuwa na chumba kizima ambacho hakikulaliwa na mtu. Humo alitunza mabango ya filamu za habari, zile fupi zilizotangulia picha yenyewe enzi ambazo watu waliingia sinema kujua dunia inakwendaje. Mafuriko, uzinduzi wa madaraja, mapambano ya ngumi, mazishi ya wakubwa. Aliyapiga pasi ya moto mdogo kama kola za mashati, akayalaza katikati ya shuka. Wateja walinong'ona kwamba akili zake zimeanza kuhama. Hakujali, almradi shati lilirudi kwa mwenyewe limenyooka.

Hata hivyo, hakuyapenda mabango yale. Alikuwa akitafuta moja tu. Mengine aliyaokota njiani.

Dobi alikuwa binti pekee, mdogo wa kaka wawili. Kaka mkubwa alichukuliwa jeshini yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na hakurudi. Haikuja barua, haukuja mwili. Alikuja jirani mmoja, anahema, kusema kijana amechorwa kwenye bango nje ya sinema, yuko na wenzake wanapanda meli. Mama yao akawa anakwenda kulitazama kila asubuhi, mpaka bango jingine likabandikwa juu yake. Tangu hapo kaka mkubwa alikuwa na kiti chake mezani na sifa zisizokwisha. Kaka wa pili, aliyebaki, akawa fundi rangi. Ndiye aliyemuuguza mama, akambeba kwenda msalani na kumrudisha. Mama alikata roho akimwita yule mwingine.

Dobi alizeeka na msako wake. Kisha akasikia ile sinema inageuzwa ghala la saruji. Alimbembeleza mnyapara wa ujenzi mpaka akamruhusu kubandua karatasi za ubao wa matangazo kabla haujavunjwa, naye akamwita kaka yake fundi rangi aje na ngazi, ndoo na kisu cha kukwangulia.

Walilowesha karatasi, wakaanza kubandua tabaka moja baada ya jingine. Mabango ambayo siku nyingine Dobi angeyabeba nyumbani, siku hiyo aliyachana na kuyaacha yaanguke matopeni. Jasho lilimtoka. Hatimaye ilijitokeza meli, kisha bendera, kisha mstari wa vijana wenye kofia.

Dobi aliitazama sura ya kwanza, akahamia ya pili, akarudi ya kwanza. Mchoraji hakuwa amejisumbua. Wote aliwapa pua moja, meno yale yale, kicheko kile kile. Hata ofisa wao alikuwa mtu huyo huyo, ameongezewa masharubu.

"Yupi?" aliuliza.

Kaka yake alikuwa anafuta kisu kwenye suruali.

"Hayupo," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Nilimwambia mama, hawa wote ni mtu mmoja. Akanizaba kofi, akasema bora wangenichukua mimi."

"Miaka yote hii, kaka, mbona hukuniambia?"

"Uliniita nishike ngazi. Kuniuliza hujawahi."

Hakusema hayo kwa hasira. Alikunja ngazi, akamwaga maji machafu, akamsaidia dada yake kubeba bango hadi nyumbani, akaaga.

Dobi hakulipiga pasi. Alilitupia juu ya rundo likiwa bado bichi, likagandamana na la chini yake.

Baada ya muda alikwenda kwa kaka yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Wifi yake alileta chai. Kaka alimuuliza miguu yake inaendeleaje, akamweleza jinsi rangi za siku hizi zinavyobabuka mapema. Kila Dobi alipomtaja mama, yeye aliongelea unyevu wa kuta. Dobi alitamani kaka amfokee, hata amfukuze. Angejua pa kuanzia. Lakini kaka alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru kwa kufika, kwa adabu ile ile aliyokuwa akiwaagia wenye nyumba alizomaliza kuzipaka rangi.