Picha za Asubuhi kwa Ndugu Waliotawanyika

Kompyuta yangu ilikuwa imechakaa. Kuchora picha moja kuliichukua muda wa mimi kuchemsha chai, kuinywa na kufagia mbele ya mlango. Nilikuwa na sekretaria ndogo Mudzipela, mtaa mmoja wa Bunia, chumba cha mbao chenye kompyuta hiyo na mashine ya fotokopi, na watu waliniletea barua na kazi za shule nizipige chapa. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuja kupigisha kazi yake ya mwisho, ndiye aliyeniachia programu ya kuchora fraktali. Alinieleza kwamba ni umbo linalojirudia ndani yake lenyewe: ukisogelea tawi unakuta tawi dogo la sura ile ile, na ndani ya hilo lingine tena, wala hufiki mwisho. Unaipa kompyuta kanuni ya hesabu, unabadili tarakimu kidogo, unachagua rangi, halafu unangoja. Hesabu sikuwahi kuiweza. Tarakimu nilizibadili kama mtu anayeonja mchuzi.

Ikawa desturi. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nilichora picha moja na kuituma kwa simu katika grupu ya familia.

Ilikuwa ile miaka ambayo redio ilisema amani imerudi. Bunia tuliuza, tulioa, tulizika. Lakini kutoka Djugu watu waliendelea kuingia na magodoro kichwani, na sisi wenyewe tulilala na nguo za kutokea, tayari kukimbia. Ndugu zangu walikuwa wametawanyika. Baba mdogo aliuza samaki Kasenyi, kando ya ziwa. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alikuwa analima kijijini Boga na kulea watoto wake peke yake.

Baba mdogo alinitania. "Hii ni konokono ao ni nini?" aliandika siku moja. Yaya hakuandika kitu. Alituma kidole gumba tu.

Kisha ikaja wiki ya kupiga maelezo ya watu waliokimbia. Walikaa mbele yangu mmoja baada ya mwingine, wakisema nyumba iliyochomwa, ng'ombe waliochukuliwa, mtu aliyebaki njiani. Maneno yalikuwa karibu yale yale, ila majina tu yalibadilika. Asubuhi moja nilifika kazini, nikawasha kompyuta, nikaitazama, nikaizima. Kabla ya saa sita simu ikalia.

"Picha iko wapi?" Alikuwa baba mdogo. "Kuko nini kule Bunia?"

"Hakuna kitu, baba mudogo. Nilichoka tu."

"Weye unachoka, siye huku tunakufa na mawazo. Nilikuwa nashafunga duka."

Tangu siku hiyo sikuchora tena kwa kupenda. Nilichora nikiwa na malaria, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Siku nyingine nilichukua picha ya jana, nikageuza buluu kuwa nyekundu, nikaituma. Hakuna aliyegundua. Walichotaka ni kuona kwamba imefika.

Halafu yaya akanyamaza. Habari za upande wa Boga zilikuwa mbaya, kila motari, dereva wa pikipiki, aliyefika stendi alikuwa na yake. Nilimpigia, simu haikupatikana. Nilipotuma picha nilitazama alama iliyo chini yake, ile inayoonyesha nani amepokea, na kwa yaya haikubadilika. Kila asubuhi nilitazama kwanza alama za nyuma, kisha ndipo nikachora mpya. Baba mdogo alipiga tena. "Usiache kutuma," akasema, na safari hii hakutania.

Alasiri moja, mteja akinisomea barua yake ya kuomba kazi, nilichungulia simu nikaona alama zote za yaya zimebadilika kwa pamoja. Nilipiga pale pale. Simu yake ilikuwa imezima. Nilimwomba yule mteja anipe dakika moja, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya chumba.

Yaya alifika siku chache baadaye, yeye na watoto juu ya pikipiki moja, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa maji ya kunawa, nikampa ugali na sombe, majani ya muhogo. Alikula polepole. Sikuuliza ya Boga. Niliuliza la picha, kwa sababu ndilo nililoweza.

"Uliziona?"

"Niliziona. Tulipanda mulima kutafuta rezo ya simu, zikaingia zote mara moja. Zikakula batri. Nilikuwa nataka nikupigie, simu ikazima mukononi."

Alinitazama, akasogeza sahani kwa mtoto wake mdogo.

"Usiumie roho, mudogo. Pale mulimani watu walikuwa wanasema Bunia nayo imeanguka, kila mutu akimbilie Uganda. Nikaona picha ya asubuhi ile. Nikaambia watoto, twende kwa mama mudogo wenu, iko muzima." Alimega tonge. "Lakini zile picha sizipendi. Zinanizungusha kichwa."

Baada ya kula alijilaza kwenye mkeka na viatu vyake miguuni. Nilipiga magoti nimvue. Bila kufungua macho akasema, "Viache."

Nikaviacha. Niliandikia grupu kwamba yaya amefika, na kwamba sitatuma picha kwa muda. Baba mdogo alijibu kwa kushukuru Mungu, basi. Nilirudi kuchora baadaye, siku nilizotaka tu, na picha nilizituma zikiwa ndogo, nyepesi kwa batri. Yaya alianza kuuza mboga sokoni. Kurudi Boga hakukutaja. Usiku aliendelea kulala na viatu, wiki baada ya wiki, hadi mvua zilipokaribia kwisha. Asubuhi moja nilivikuta vimepangwa kando ya mlango, vimeoshwa.